Hundi ya dola 10,000: NSYNC, Lou Pearlman na mwanabendi wa sita

Kila nikisikia mtu anasema boi bendi za miaka ya 90 zilikuwa ni vijana wenye sura nzuri tu waliopangwa mstari wakachezeshwa, mimi nakumbuka bahasha. Ni chakula cha jioni cha kujipongeza, vijana watano wa NSYNC wamekaa mezani, wameshapiga kazi kama miaka mitatu, wamezunguka Ujerumani nzima, wamerudi kwao Marekani albamu inauza mamilioni, na muda wote huo wanaishi kwa posho ya dola 35 kwa siku. Leo ndo wanapewa hundi zao za kwanza. Lance Bass amehadithia mwenyewe kwamba alifungua ya kwake akakuta dola 10,000, akarudi hotelini akaichana.

Piga hesabu kidogo. Dola 10,000 ukizigawa kwa siku za miaka mitatu hazifiki hata dola 10 kwa siku, na hapa tunaongelea watu ambao uso wao ulikuwa umebandikwa kwenye kuta za vyumba vya mabinti kuanzia Munich mpaka Dar. Dada yangu alikuwa na kaseti yao ya kurekodi, ile ya kuandika kwa peni ya bluu ubavuni, ikilegea anaizungusha na kalamu mpaka ikaze, na sisi wadogo tulikuwa tunaimba yale maneno bila kujua hata moja maana yake ni nini. Kumbe wakati tunaimba hivyo wenye wimbo wenyewe hawajalipwa.

Swali langu kwenye kisa hiki ni moja, hela ilienda wapi? Na jibu halianzii kwenye muziki, linaanzia kwenye ndege.

Lou Pearlman, yule mzee aliyeiunda NSYNC na aliyetoa zile hundi, alizaliwa 1954 Queens, New York, na alikuwa binamu wa Art Garfunkel, yule mwimbaji wa Simon and Garfunkel. Tangu ujana alikuwa anapenda yale maputo makubwa marefu yanayoruka angani na matangazo ya biashara ubavuni. Akaingia kwenye hiyo biashara, puto lake moja la kutangaza suruali za jinzi likaanguka New Jersey mwaka 1980, akaendelea hivyohivyo, akafungua na kampuni ya kukodisha ndege, akahamia Orlando, Florida. Hapo kwenye kukodisha ndege ndo kikaja kilichobadilisha maisha yake, mana wateja wake mmojawapo walikuwa boi bendi ya New Kids on the Block. Jamaa akashangaa, hivi hawa vijana wanapata wapi hela ya kukodi ndege nzima? Alipoambiwa kwamba ni tiketi, kaseti, fulana na mabango, akaona hiyo biashara inazidi maputo.

Na hao New Kids nao hawakuota tu kama uyoga. Walitengenezwa Boston mwaka 1984 na prodyuza Maurice Starr, ambaye kabla yao alikuwa na New Edition, vijana weusi wa mtaa wa Roxbury, akina Bobby Brown hao. New Edition walirudi kutoka ziara yao ya kwanza kubwa kila mmoja akapewa hundi ya dola 1 na senti 87. Dola moja, wameambiwa gharama zimekula iliyobaki. Waliposhtuka wakaachana naye, na Starr akaenda kutafuta vijana wengine, safari hii wazungu, akawapitisha njia ileile. Kwa hiyo Pearlman alipoamua kuiga New Kids alichukua mfumo mzima na tabia yake ya malipo, na aliyemleta kuwa meneja ni Johnny Wright aliyekuwa akisimamia ziara za hao hao New Kids.

Orlando nayo inahitaji kuelezwa mana watu wanaipita tu. Ule mji una Disney, una Universal, una SeaWorld, yaani kila siku kuna mamia ya vijana wanaojua kuimba, kucheza na kutabasamu mbele ya watu masaa manane mfululizo, wanalipwa kwa siku, na wote wanaota kitu kikubwa zaidi. Huwezi kupata soko la vipaji la namna hiyo pengine. Backstreet Boys, bendi ya kwanza ya Pearlman, walizaliwa hapo Aprili 1993, jina lenyewe limetoka kwenye soko la mitumba la Orlando lililoitwa Backstreet Market, Kevin Richardson alikuwa mfanyakazi wa Disney na ndiye aliyempigia simu binamu yake Brian Littrell aje kutoka Kentucky, Nick Carter alikuwa na miaka 13. Shoo yao ya kwanza waliifanya SeaWorld, Mei 1993.

Sasa hapa ndo panaponogea kimuziki na naomba mnivumilie kidogo, mana watu wakiongelea Pearlman wanasahau kwamba bila Stockholm hakuna kitu. Backstreet walisainiwa na lebo ya Jive Records mwaka 1994 nayo ikawapeleka Sweden kwenye studio inaitwa Cheiron, kwa Denniz Pop, mtu aliyetokea kwenye udijei, pamoja na mwanafunzi wake Max Martin aliyekuwa muimbaji wa bendi ya roki. Hawa watu walikuwa wanajenga wimbo kama fundi anavyojenga nyumba, melodi kwanza, kila silabi inakaa pale inapotakiwa na masikio, maana ya maneno inakuja baadaye kama ikija. Ndo mana sisi wa huku tuliweza kuimba bila Kiingereza, mana wimbo ulishatengenezwa na watu ambao Kiingereza si lugha ya mama yao, kwa ajili ya masikio ya mtu yeyote. Ile kiitikio inavyopanda, sauti tano zinaingia kwa pamoja afu moja inapaa juu ya zingine, mpaka leo nikiisikia nasimama.

Wimbo wa kwanza wa Backstreet ulitoka 1995 na Marekani haukwenda, uliishia nafasi ya 69. Redio za kule kipindi hicho zilikuwa zimejaa gitaa za bendi za roki, akina Nirvana na waliofuata, na hip hop, hakuna aliyetaka kusikia vijana wanaoomba radhi kwa wapenzi wao. Lakini Ulaya ilikuwa habari nyingine kabisa. Kule boi bendi ya Take That kutoka Manchester walishaizoesha nchi nzima, walipotangaza kuvunjika Februari 1996 Uingereza ilibidi zifunguliwe laini za simu za kuwaliwaza mabinti waliokuwa wanalia. Ujerumani kulikuwa na gazeti la vijana la Bravo, ukitoka humo kwenye bango la katikati umeshaingia kila chumba. Kwa hiyo Pearlman na Wright wakawapeleka vijana kuchuma Ujerumani kwanza, na Marekani ikawasikia kwa uzito mwaka 1997 wakiwa tayari ni mastaa wa nje.

Na hapo, Backstreet hawajafika hata nusu ya njia, Pearlman anatengeneza wapinzani wao. Hili alilisema wazi kwenye mahojiano, kwamba palipo na Coke lazima patakuwa na Pepsi, basi bora Pepsi nayo iwe yake. 1995 akamsaidia Chris Kirkpatrick, kijana aliyekuwa anaimba Universal, akakusanya Joey Fatone naye wa Universal, na Justin Timberlake na JC Chasez waliotoka kwenye kipindi cha Mickey Mouse Club kilichokuwa kinarekodiwa hapohapo Orlando. Mama yake Justin akasema sauti zao zinakaa pamoja vizuri, kwa Kiingereza "in sync", jina likatokea hapo, na likagundulika kuwa linaungwa pia na herufi za mwisho za majina yao. Aliyekuwa anaimba besi, Jason, akaondoka, akaitwa Lance kutoka Mississippi mwenye miaka 16, wakampachika jina la utani Lansten ili ile N isipotee. Wakawekwa kwenye nyumba moja, mazoezi kutwa, mwalimu wa sauti, mwalimu wa dansi, shoo ya kwanza Oktoba 1995 ndani ya Disney World, afu mkataba na lebo ya BMG Munich na njia ileile ya Ujerumani. Backstreet hawakuambiwa. Walipokuja kujua kwamba mzee wao ana watoto wengine, na kwamba watu waliowaamini ndo wanawasimamia hao pia, iliwauma sana.

Turudi kwenye hela. Mkataba wa vijana haukuwa kati yao na lebo moja kwa moja, ulikuwa kati yao na kampuni ya Pearlman, Trans Continental, afu Trans Continental ndo inaingia mkataba na lebo. Hela yoyote ikitoka lebo inapita kwanza mfukoni mwake. Akishaipokea anakata kama meneja. Anakata tena kama prodyuza. Afu zinatolewa gharama, na gharama maana yake kila kitu: nyumba mliyolala, mwalimu wa dansi, ndege, nguo, video, ile chakula ya jioni mliyodhani mnanunuliwa. Baada ya hapo kilichobaki kinagawanywa kwa wanabendi, na hapa ndo pana kifungu ambacho mimi nikikisoma damu inachemka, mana kwenye karatasi bendi haikuwa na watu watano. Ilikuwa na sita. Mwanabendi wa sita ni Lou Pearlman.

Nikupe mfano wa kubuni tu ili uone inavyokula. Tuseme baada ya lebo kuchukua chake imebaki 100. Meneja akitoa 20 inabaki 80, prodyuza akitoa 20 nyingine inabaki 60, gharama zikila 48 inabaki 12, gawanya kwa sita kila mtu anapata 2. Kijana aliyetoka jasho jukwaani ana 2. Mzee ana 20, na 20, na 2, jumla 42, na hizo gharama 48 nyingi zimelipwa kwa watu na kampuni alizozichagua yeye. Hakuna aliyevunja kufuli la mtu hapo, kila senti imekatwa kwa kifungu kilichosainiwa.

Wako watu wanasema wangesoma kabla ya kusaini. Jamani. Justin alikuwa na miaka 14, Nick 13, wanaosaini ni wazazi, tena wazazi wa kawaida ambao mtu mwenye ndege na ofisi kubwa amewaambia mwanao ana kipaji mimi nitamgharamia kila kitu. Na Pearlman hakuwa mtu wa kutisha, alikuwa mnene, mchangamfu, anawalisha, anacheka nao, anajiita Big Poppa na vijana wanamwita hivyo hivyo kwa mapenzi. Mtu wa namna hiyo anapokuletea karatasi unaanzaje kumwambia subiri niitafutie mwanasheria? Utaonekana humwamini baba.

Wa kwanza kushtuka alikuwa Brian wa Backstreet. Mei 1998 wenzake nao wakaingia mahakamani, madai yao yakisema tangu 1993 Pearlman amejipatia kama dola milioni 10 na wao watano kwa pamoja wameambulia 300,000. Mwezi huohuo Brian alikuwa anafanyiwa upasuaji wa moyo, ana tatizo alilozaliwa nalo, na shoo moja ya Disney Channel waliyokuwa wameombwa hawakuifanya. Nafasi ikaangukia kwa NSYNC, ikarushwa Julai 1998, na albamu yao iliyokuwa inasuasua tangu Machi ikapaa mpaka kwenye 10 bora. Yaani ugonjwa wa mmoja ukawa mlango wa wengine, na wote wana mwenye nyumba mmoja.

Ndo tunafika kwenye ile meza na zile bahasha. Baada ya hundi JC akampelekea mjomba wake mwanasheria ule mkataba ausome, na ulivyosomwa na mtu anayejua, safari ya kuondoka ikaanza. Mwaka 1999 wakatangaza wanahama, wanaenda Jive, lebo ileile ya Backstreet. Johnny Wright akaenda nao. Trans Continental na BMG wakawafungulia kesi ya dola milioni 150 na wakataka mahakama iwazuie wasirekodi wala wasitumie jina la NSYNC. Fikiria hapo, kijana kama Justin ana miaka 18, anadaiwa milioni 150 na mtu aliyempa hundi ya elfu kumi, na jina ambalo mama yake ndo alilitoa mdomoni linadaiwa si lake.

Novemba 1999 jaji wa mahakama ya shirikisho Orlando, Anne Conway, akakataa kutoa zuio. Hapo mzee akawa hana tena kamba ya kuvutia, na kabla mwaka haujaisha pande zote zikamalizana nje ya mahakama. Machi 21, 2000 albamu ikatoka, No Strings Attached, kwenye jalada vijana watano wananing'inia kwenye kamba kama vibaraka, na wimbo uliotangulia ni wa kuaga, Bye Bye Bye, kwaheri mara tatu. Wiki ya kwanza Marekani peke yake ziliuzwa nakala milioni 2.4. Backstreet mwaka uliotangulia walikuwa wameuza milioni 1.13 wiki ya kwanza na watu wakasema haitatokea tena. Rekodi ya NSYNC ilikaa mpaka Adele alipoivunja 2015. Mimi naamini sehemu ya ile nguvu ni hasira, mashabiki walikuwa wameifuata kesi, walijua wanamnunulia nani na wanamnyima nani.

Lakini kuna hoja bado inarudi kila nikiongelea kisa hiki na watu, na ndo inayonifanya niandike kirefu hivi. Wanasema sawa, mzee aliwanyonya, ila alihatarisha hela yake, aliwekeza mamilioni kwa vijana wasiojulikana miaka mitatu bila kuona kitu, bila yeye wangekuwa bado wanavaa mavazi ya midoli kule Universal. Ni hoja ya mtu mwenye akili, na miaka mingi mimi mwenyewe nilikuwa nainyamazia.

Jibu lilikuja 2007. Pearlman kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa anaendesha upatu wa kitapeli. Alikuwa anawauzia watu akaunti za akiba akiwaambia zina bima ya serikali na kwamba ni sehemu ya mpango wa wafanyakazi wa shirika lake la ndege, na lile shirika halikuwepo isipokuwa kwenye makaratasi. Ile ndege kwenye picha zake za matangazo ilikuwa ni modeli, kidude cha mezani kilichopigwa picha kwa ukaribu kikaonekana kinapaa uwanjani. Kampuni ya uhasibu iliyokuwa inathibitisha mahesabu yake nayo hewa. Zaidi ya dola milioni 300 ziliyeyuka, na wengi waliopigwa ni wazee wa Florida waliokuwa wameweka pensheni zao. Anayeweka leo analipia faida ya aliyeweka jana, na katikati zinatoka za nyumba, za magari, na za kuendeshea zile kampuni zake zote, za muziki zikiwemo.

Kwa hiyo hapana, haikuwa hela yake. Posho ya dola 35, mwalimu wa dansi, tiketi za Munich, zilikuwa zinatoka kwenye kapu ambalo ndani yake mna akiba ya bibi fulani aliyestaafu ualimu au udereva, na kijana aliyekuwa anakatwa gharama alikuwa anarudisha mkopo ambao aliyekopesha hasa hajulikani wala hatarudishiwa. Ile hatari iliyotumika kuhalalisha asilimia zote zile na kiti cha sita, waliibeba watu ambao hawakuwahi hata kukaribishwa kwenye shoo. Ukiliona hilo mkataba mzima unasomeka upya.

Alikimbia mapema 2007. Juni akakamatwa Bali, Indonesia, alikuwa anakaa hotelini kwa jina la A. Incognito Johnson, na waliomtambua ni watalii kutoka Ujerumani, nchi ileile ambayo sura za vijana wake zilijulikana kabla ya kwingine kote, wakamtumia ujumbe mwandishi wa habari Florida aliyekuwa anaifuatilia habari hiyo. Mwaka 2008 akakiri makosa, Jaji G. Kendall Sharp akampa miaka 25, na akaongeza sharti moja: kwa kila dola milioni moja atakayosaidia irudi kwa waliopigwa, anapunguziwa mwezi mmoja. Milioni 300 zingetosha kumtoa miaka yote 25 kamili, mana miaka 25 ni miezi 300. Alifia kizuizini Agosti 2016, ana miaka 62, na wengi wa wale wazee walikuwa hawajarudishiwa hela zao.